Vanishi, Laka au Mafuta? Samani ya Kujitengenezea Inaharibikia Wapi

Anayejitengenezea meza au kabati nyumbani siku hizi hakosi washauri. Anachokosa ni washauri wanaokubaliana. Muuza duka la rangi anampa kopo la vanishi ya poliyurethani na kumhakikishia kuwa hakuna kinachoishinda. Fundi wa Keko, Dar es Salaam, au wa Barabara ya Ngong, Nairobi, anacheka: vanishi ya brashi ni ya wazee, piga sila, pulizia laka, kesho mzigo unatoka. Video iliyorekodiwa Marekani inamwambia aachane na yote hayo, apake mafuta ya kitani kwa kitambaa ili mbao "zipumue". Miezi michache baadaye uso wa meza umepasuka katikati, au umeota weupe palipowekwa sufuria, au umeanza kubanduka, na kila mshauri ana wa kumlaumu.

Mbao hazipumui, kwanza. Mti ulikufa siku ulipokatwa. Kinachoingia na kutoka ni mvuke wa maji, na hakuna kopo lolote sokoni linaloweza kuuzuia kabisa.

Hapa tutazipima njia tatu kuu za kumalizia samani, yaani laka, vanishi na mafuta. Lakini kabla ya hapo kuna mambo mawili yanayoziangusha zote tatu: unyevu wa mbao na namna mbao zilivyoungwa. Lawama nyingi zinazotupiwa kopo ni madeni ya hatua zilizotangulia.

Kwa nini ushauri unagongana

Sababu ya kwanza ni maslahi, na si lazima yawe mabaya. Fundi wa oda anahesabu muda. Laka inakauka ndani ya nusu saa. Vanishi ya mafuta inadai karibu siku nzima kati ya mkono mmoja na mwingine, na siku hiyo yote vumbi la barabarani linatua juu yake. Kwa mwenye banda lililo wazi kando ya lami, kupulizia laka ndiyo namna pekee ya kutoa kitu laini. Muuza duka naye anasifia alichonacho rafuni. Mwenye video anafanya kazi ndani ya gereji iliyofungwa, ana wiki tatu za kusubiri, na hakuna mteja anayempigia simu.

Sababu ya pili ni hali ya hewa. Maelekezo mengi yameandikwa kwa nchi ambazo nyumba hupashwa moto wakati wa baridi, hewa ya ndani ikakauka na mbao zikakauka nayo. Mombasa, Tanga na Unguja zina tatizo la kinyume. Dodoma, Nairobi na Mbeya zina lao. Ushauri uliotoka Mwanza ukapelekwa Lamu unaweza kuharibu kazi hata kama kila neno lake ni kweli.

Ya tatu ni majina. Kwenye maduka mengi "vanishi" ni chochote kinachong'aa, na "thina" ni chochote kinachonuka na kuyeyusha rangi. Thina ikishapimwa kwenye chupa ya maji ya kunywa haina lebo wala asili. Tapentaini ikitiwa kwenye laka, laka inakatika na kufanya mabonge. Laka ikipulizwa juu ya vanishi ya mafuta ambayo haijakomaa, vanishi inakunjamana. Mtu anahitimisha kuwa bidhaa ni feki, kumbe zote mbili zilikuwa nzima ila hazikupaswa kukutana.

Mbao kwanza

Mti uliokatwa leo unaweza kubeba maji yanayokaribia uzito wa mbao zake kavu, na kwa baadhi ya miti hata kuzidi. Maji mengi ya mwanzo hutoka bila ubao kubadili umbo. Unyevu ukishuka chini ya asilimia 30 hivi, ndipo nyuzi zinapoanza kusinyaa, na kuanzia hapo ubao unaifuata hewa iliyouzunguka. Hewa yenye unyevu wa asilimia 80, ambayo ni ya kawaida pwani wakati wa masika, huutuliza ubao kwenye asilimia 16 hivi ya maji. Hewa ya asilimia 65 huufikisha 12. Hewa ya asilimia 50 huushusha hadi 9.

Kusinyaa huku hakuko sawa pande zote. Kwa urefu ubao haubadiliki kiasi cha kujali. Kwa upana, kufuata mzunguko wa miduara ya ukuaji, unasinyaa takriban mara mbili ya unavyosinyaa kuelekea kiini, na tofauti hiyo ndiyo inayoufanya ujikunje. Chukua uso wa meza ya msaji wenye upana wa sentimita 60, uliotengenezwa Tanga wakati wa masika na kuhamishiwa Dodoma kiangazi. Unyevu wa mbao ukishuka kutoka asilimia 16 hadi 9, uso huo utapungua takriban milimita 8. Na msaji unahesabiwa miongoni mwa mbao tulivu! Mkaratusi unazidi hapo kwa mbali. Mninga, kwa upande mwingine, umejijengea jina Afrika Mashariki na Kusini kwa sababu unasinyaa kidogo sana, na hilo linaeleza bei yake kuliko rangi yake nzuri.

Wengi wa wanaojitengenezea hawanunui mninga. Wananunua paini ya mashamba ya Sao Hill na vijiji vya Mufindi, au saiprasi ya nyanda za juu za Kenya, ambako marufuku ya kuvuna misitu ya umma iliyowekwa Februari 2018 ilibana upatikanaji kwa miaka kadhaa. Mahitaji yakizidi, miti huvunwa michanga na mbao hupelekwa yadi zikiwa bado zinatoa maji. Mbao za mti mchanga hujipinda zaidi hata zikikaushwa vizuri. Hapa mnunuzi hana ujanja mwingi isipokuwa kuchagua ubao mmoja mmoja, kuuangalia kwa kuulenga jicho toka ncha hadi ncha, na kuukataa uliopinda akiwa bado yadini.

Kuhusu ukavu kuna misimamo mitatu. Wapo wanaosema mbao lazima zipite kwenye tanuri. Hoja yao ina nguvu kwa kiwanda, kwa kuwa tanuri hufikisha kiwango kinachotakiwa kwa siku chache na huua wadudu waliomo. Udhaifu wake ni kwamba ubao uliotoka tanurini ukiachwa kwenye yadi ya wazi Buguruni au Gikomba utarudia kunywa unyevu, na bei ya tanuri itakuwa imelipiwa bure. Wapo wanaoshika kanuni ya kuanika mwaka mmoja kwa kila inchi ya unene. Kanuni hiyo ilizaliwa nchi za baridi. Kwenye joto letu ubao wa paini wa inchi moja hukauka mapema zaidi, mradi umepangwa kivulini, upepo unapita, na vijiti vimetenganisha tabaka na tabaka. Na wapo wanaosema nunua, randa, unda, mengine yatajulikana mbele. Huu wa tatu ndio unaotumika zaidi, na ndio unaojaza mitaa samani zilizopasuka.

Kipima unyevu ni kifaa kizuri, lakini mizani ya jikoni inatosha. Kata kipande kidogo katikati ya ubao, mbali na ncha, kwa sababu ncha hukauka haraka na kudanganya. Kipime. Kiweke kwenye oveni yenye joto la nyuzi 100 hivi, ukipima kila baada ya saa kadhaa hadi uzito ugome kushuka. Kikianza na gramu 230 na kuishia 200, maji yalikuwa gramu 30, yaani asilimia 15 ya uzito mkavu. Kwa samani ya pwani hiyo inafaa. Kwa Nairobi au Dodoma subiri kidogo, na mahali pazuri pa kusubiri ni ndani ya chumba ambamo samani itaishi.

Jambo moja la mwisho kuhusu ubao ni ile sehemu nyeupe ya nje ya gogo. Humo ndimo mnamo wanga, na humo ndimo bungua wanamoingia. Unga laini unaodondoka chini ya kitanda miezi baada ya kununuliwa mara nyingi unatoka kwenye ukanda huo mweupe ulioachwa ili ubao usipungue upana. Dawa ya wadudu inapakwa kabla ya vanishi, kwa sababu baada yake haipenyi. Na kwa kuwa baadhi ya bungua hutaga mayai kwenye vitundu vya mbao zilizo wazi, kupaka hata migongo na chini ya samani si uchu wa usafi. Ni kuwafungia mlango.

Viungo vinavyobana na viungo vinavyoachia

Kwenye kuunga kuna kambi mbili. Moja inaamini misumari, gundi na puti: kata, pigilia, jaza nyufa kwa vumbi la mbao lililochanganywa na gundi, paka. Nyingine inaamini ulimi unaoingia kwenye tundu lililochongwa kwa patasi, na inautazama msumari kama aibu.

Kambi ya kwanza ina haki kuliko inavyopewa. Gundi nyeupe ya mbao, ikipakwa kwenye kingo mbili zilizonyooka na kubanwa vizuri, hutoa kiungo chenye nguvu kuliko ubao wenyewe. Jaribu kukivunja, kitapasuka pembeni. Kwa hiyo anayeunganisha mbao nne ubavu kwa ubavu kupata uso wa meza hahitaji vijiti wala bati. Gundi hiyohiyo kwenye ncha ya ubao, nyuzi zinapoishia, haishiki kitu. Mguu wa kiti uliounganishwa na mtambuko wake kwa gundi na misumari miwili utalegea, na hakuna puti itakayouokoa. Hapo kambi ya pili inashinda bila mjadala.

Kosa linalozivunja meza nyingi liko kwingine kabisa, kwenye pale uso unapofungwa juu ya fremu. Fundi wa haraka anapaka gundi kuzunguka fremu yote na kupiga skrubu nane. Milimita 8 zile za kiangazi zitatafuta pa kutokea, na zitatokea katikati ya meza. Dawa yake haina gharama: tundu la skrubu kwenye fremu litobolewe refu kama punje ya tende, likielekea upana wa meza, skrubu ikazwe kiasi cha kushika tu, na gundi isiguse hapo. Uso utatanuka na kurudi misimu yote bila mtu kujua.

Vivyo hivyo kwenye mlango wa kabati wenye fremu na ubao wa katikati. Ubao wa katikati ukae kwenye mfereji bila gundi. Na upakwe rangi au vanishi kabla ya kuingizwa. Ukipakwa baada ya kuunganishwa, kiangazi utasinyaa na kuonyesha mstari mweupe wa mbao tupu kandokando yote. Hii ni mojawapo ya sehemu chache ambako kumalizia kunatangulia kujenga, na wanaojitengenezea wengi hawajawahi kuambiwa.

Plaiwudi, blokibodi na MDF hazina matatizo haya kwa sababu hazichezi sana. Zina lao: MDF ikinywa maji ukingoni inavimba na hairudi. Kwa kabati lililopakwa rangi kwenye chumba kikavu zinafaa. Chini ya sinki, hapana.

Laka: haraka ina gharama zake

Laka inayopulizwa kwenye karakana zetu nyingi ni ya nitroselulosi, ambayo mafundi huiita NC. Kimsingi ni nyuzi za pamba zilizopitishwa kwenye asidi, ndugu wa karibu wa pamba ya kulipulia. Ilisambaa miaka ya 1920 pale viwanda vya magari vya Marekani vilipotaka rangi ya kukauka kwa dakika. Sifa yake hadi leo ni ileile. Inakauka kwa thina kuruka hewani tu, bila mabadiliko ya kikemia, na ukweli huo mmoja unaeleza uzuri na ubaya wake wote.

Uzuri: mkono mpya unayeyusha kidogo ule wa chini na kushikamana nao, hivyo mkwaruzo unapulizwa juu na kupotea hata baada ya miaka. Ubaya: kilichoyeyuka mara moja kitayeyuka tena. Dawa ya kufutia rangi ya kucha inaichubua papo hapo, manukato yanaiacha na doa, na sufuria ya ugali iliyotolewa jikoni inaiachia duara jeupe.

Pwani kuna adui mwingine. Thina inaporuka hupoza uso wa samani, na hewa ikiwa imejaa unyevu, mvuke hugeuka maji juu ya laka ambayo bado mbichi. Uso mzima unakuwa mweupe kama uliopitiwa na ukungu. Mafundi wazoefu hawapulizii asubuhi mapema wala mvua inapotishia. Wanangoja jua lipande, au wanatia thina inayoruka polepole. Asiye mzoefu huongeza mkono juu ya weupe na kuufungia ndani.

Halafu kuna sila, inayopigwa kabla ya laka. Imetengenezwa iwe laini ili isagike kirahisi kwa msasa na kuziba vitundu, na kwa kazi hiyo ni nzuri sana. Tatizo ni kwamba ni nafuu na inajaza haraka, basi fundi mwenye haraka anapiga sila mikono minne na laka mmoja mwembamba. Siku ya kukabidhi inang'aa kuliko zote. Baada ya mwaka kingo zinaanza kuruka vipande vyeupe. Sila inatakiwa mkono mmoja au miwili, isagwe karibu kurudi kwenye mbao, kisha laka angalau mitatu.

Laka zinazochanganywa na kigumushi ni ngumu kuliko NC kwa mbali, lakini za asidi hutoa fomaldehaidi zinapokomaa, na zile za poliyurethani ya makopo mawili zina isosianati, kemikali inayoweza kumletea mtu pumu ya kudumu. Ni vitu vya karakana yenye feni za kuvuta hewa na barakoa za kweli. Havifai kupulizwa uani huku watoto wanacheza.

Vanishi: ngumu, yenye subira

Vanishi ya mafuta ni mafuta yanayokauka, yaliyopikwa pamoja na utomvu wa miti au wa kiwandani, kisha yakapunguzwa kwa tapentaini. Poliyurethani ni mojawapo ya tomvu hizo; kemia yake ilianzishwa Ujerumani mwaka 1937 na Otto Bayer na wenzake. Tofauti yake na laka ni kwamba vanishi hunyonya oksijeni na kugeuka kitu kingine. Ikishakomaa, tapentaini haiirudishi nyuma, chai ya moto haiiachii alama, na maji yaliyomwagika yanaweza kusubiri hadi mtu atakapokumbuka kitambaa. Kwa meza ya kulia yenye watoto, hakuna kinachopakwa kwa brashi nyumbani kinachoishinda.

Bei ya ugumu huo ni muda. Inakauka kuguswa kwa saa kadhaa, inakubali mkono wa pili kesho yake, na inakomaa kwa wiki tatu hadi nne. Malalamiko mengi kwamba "vanishi hii inanata" yanatoka kwa walioipakia meza vyombo siku ya pili. Mengine yanatoka kwenye msaji na mpingo, ambazo zina kemikali za asili zinazozuia vanishi isikauke. Hizo zifutwe kwa kitambaa chenye thina kwanza, na mkono wa kuanzia upakwe mara tu thina inaporuka.

Udhaifu mkubwa zaidi ni ukarabati. Mkono mpya hauyeyushi wa zamani, unaushika tu kama ulikwaruzwa kwa msasa laini. Mkwaruzo mrefu katikati ya meza mara nyingi unamaanisha kusugua uso mzima.

Lakini malalamiko yanayosikika zaidi, vumbi na michirizi ya brashi, yana dawa ambayo maduka hayaitaji: punguza vanishi nusu kwa nusu na tapentaini, uipake kwa kitambaa cha pamba, tabaka jembamba, mikono mitano au sita badala ya miwili mizito. Tabaka jembamba halichirizi, na linaacha kunata kabla vumbi halijapata nafasi. Ni kazi zaidi kwa mkono na ustadi mdogo zaidi, mabadilishano yanayomfaa mtu anayefanya kazi jioni baada ya ofisi.

Mafuta: rahisi kupaka, rahisi kudanganya

Hoja ya wapenda mafuta ni nzuri. Yanapenya, hayabanduki kwa kuwa hakuna tabaka la kubanduka, na doa linarekebishwa palepale kwa kitambaa. Mbao zinabaki na hisia ya mbao mkononi. Wajenzi wa majahazi wa pwani wamepaka sifa, mafuta ya papa, kwa vizazi vingi, na vyombo vyao vimehimili chumvi na jua.

Mfano huo wa majahazi una sharti moja linalosahaulika: chombo hupakwa tena na tena, maisha yake yote. Mafuta peke yake ni kinga hafifu dhidi ya maji. Pia si kila mafuta yanakauka. Ya kitani yanakauka. Ya nazi na mawese hayakauki, na ya alizeti yanajikokota na kubaki yakinata na kukusanya uchafu. Hata ya kitani, mabichi huchukua wiki. Yanayouzwa kama "yaliyochemshwa" yametiwa chumvi za metali za kuharakisha, hivyo hayafai ubao wa kukatia nyama. Pwani mafuta ya kitani yana kasoro ya ziada: ukungu unayapenda. Ndani ya kabati lisilopitisha hewa utaona madoadoa meusi kabla ya mwaka kuisha.

Kati ya vanishi na mafuta kuna njia ya katikati ambayo mafundi wa zamani waliijua: sehemu moja ya vanishi, moja ya mafuta ya kitani yaliyochemshwa, moja ya tapentaini. Paka, acha robo saa, futa yote yaliyobaki juu. Rudia kesho. Haifiki ugumu wa vanishi, lakini inazidi mafuta kwa kuhimili maji, na ni vigumu kuikosea.

Oili chafu ya gari haihesabiki hapa. Kwenye nguzo ya uzio ina watetezi wake. Ndani ya nyumba ina sumu, haikauki, na hakuna kitakachoshika juu yake tena.

Mengine kwa ufupi

Rangi yenyewe inadharauliwa bila sababu. Paini yenye vifundo vingi hunywa steini, yaani rangi ya kupenya mbao, kwa mabaka, na vifundo hutoa utomvu wake hata baada ya miezi. Mkono wa shelaki juu ya vifundo, kisha rangi nzuri, unaifanya ionekane ya makusudi. Kwa kitanda cha mtoto angalia madini ya risasi: kiwango cha juu ambacho Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa (UNEP) linapendekeza sheria zikiweke ni sehemu 90 kwa milioni.

Msasa: namba 80 kuondoa alama za randa, 120, kisha 180, kila mara kufuata nyuzi, bila kuruka namba. Kabla ya kupaka chochote, futa uso kwa tapentaini na uutazame kwa taa iliyolala ubavuni. Gundi iliyovuja itaonekana kama doa hafifu, na hapo bado inakwanguliwa. Chini ya steini itakuwa baka jeupe la kudumu.

Jua la ikweta haliwezi kushindwa na kitu kinachopitisha mwanga. Miali yake hupenya vanishi angavu na kuvunja mbao chini yake, na vanishi inabanduka kwa sababu ilichoshikilia kimekufa. Mlango unaotazama magharibi upakwe rangi isiyopitisha mwanga, au mafuta yanayorudiwa kila mwaka. Anayetaka vanishi angavu nje ya nyumba ajiandae kuisugua na kuipaka upya mara kwa mara.

Hatari zisizoandikwa kwenye kopo

Kitambaa kilicholowa mafuta ya kitani kikikunjwa na kutupwa kwenye pipa kinaweza kujiwasha chenyewe. Mafuta yanapokauka hutoa joto, na mkunjo hulizuia lisitoke. Kitandazwe kimoja kimoja nje, au kizamishwe majini kabla ya kutupwa. Mchanganyiko ule wa sehemu tatu una hatari hiyohiyo.

Thina na vumbi la laka hushika moto kwa cheche ya swichi. Vumbi la mbao nalo si uchafu wa kawaida: wakala wa utafiti wa saratani wa Shirika la Afya Duniani uliliweka mwaka 1995 katika kundi la vitu vinavyothibitika kuleta saratani kwa binadamu. Vumbi la mvule huwasha ngozi na vifua vya wengi kabla ya kufika huko. Barakoa ya kitambaa haitoshi.

Uzito uko wapi

Ukizipima njia hizi kwa kung'aa siku ya kwanza, laka inashinda, na ndiyo maana soko limeichagua. Ukizipima kwa kuhimili meza ya chakula, vanishi ya poliyurethani inashinda. Ukizipima kwa kile ambacho mtu asiye na kompresa anaweza kufanya vizuri sebuleni mwake na kukirekebisha mwenyewe miaka mitano baadaye, mchanganyiko wa mafuta na vanishi unashinda. Anayejitengenezea anapaswa kutumia kipimo hiki cha mwisho, kwa sababu hana mteja wa kumkabidhi mzigo na kuondoka. Yeye ndiye atakayeishi nao.

Kwa hiyo kitanda, rafu na kabati: mchanganyiko wa sehemu tatu. Kabati la nguo lililoko pwani: vanishi iliyopunguzwa, kwa ajili ya ukungu. Meza ya kulia na dawati: poliyurethani iliyopunguzwa, kwa kitambaa, na mwezi mmoja wa kuihurumia. Anayetaka mng'aro wa laka aunde mwenyewe, apige msasa mwenyewe, kisha ampelekee fundi mwenye kompresa kupulizia tu, wakikubaliana kabla ya kazi ni mikono mingapi ya sila na mingapi ya laka. Ubao wa kukatia mboga ubaki mtupu.

Na kama bajeti inatosha kimoja tu kati ya kopo la bei ghali na mbao zilizokauka, nunua mbao zilizokauka. Vanishi rahisi juu ya ubao mkavu inaweza kusuguliwa na kupakwa upya wakati wowote. Uso uliopasuka kwa sababu ulikuwa mbichi utabidi ufumuliwe, ukatwe na kuunganishwa upya, na utakuwa mwembamba kuliko fremu uliyoichonga.